Ugonjwa Una Njia, Hauna Kabila

Katika mazungumzo yetu ya amani tumezoea kusema juu ya mashamba, mipaka ya vijiji na vijana wenye silaha. Leo tutasema juu ya kuhara, upele na homa. Najua kuna atakayeuliza: huyu aliyesomea sheria anatafuta nini katika kazi ya madaktari? Nivumilie kidogo, utaona.

Ugonjwa wa kuambukiza unapoingia katika kartie, watu huuliza maswali mawili. La kwanza: umepitia wapi? La pili: nani ametuletea? Kwa sikio maswali haya ni ndugu, lakini hayafanyi kazi moja. La kwanza linakupeleka kisimani, chooni, na kwenye kitanda cha mgonjwa. La pili linakupeleka mlangoni kwa jirani, na mara nyingi huendi mikono mitupu.

Tuchukue kipindupindu, maana sisi ni watu wa mto. Kijidudu chake kinakaa katika utumbo wa mtu, kinatoka pamoja na kinyesi, na kinatafuta kinywa cha mtu mwingine. Hiyo ndiyo njia yake yote. Kinapita katika maji yaliyochotwa pale ambapo wengine wanajisaidia, katika chakula kilichoshikwa kwa mikono isiyonawiwa, katika nzi anayetoka chooni na kutua juu ya sombe. Hakirukii mtu kwa sababu mmekaa benchi moja. Hakitumwi na mchawi. Na hakijui kama kinywa kinachokipokea kinasema Kiswahili cha hapa au cha Kivu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Watu wengi walioingiwa na kijidudu cha kipindupindu hawaugui hata kidogo, au wanaharisha kidogo tu kama walivyoharisha siku nyingine. Lakini hata hao wanakitoa kijidudu katika kinyesi kwa siku kadhaa, kuanzia 1 mpaka 10. Maana yake ni nini? Yule mama mgeni aliyeanguka kwanza kwa kuhara, yule ambaye kartie nzima inamnyoshea kidole, huenda hakuleta kitu. Huenda yeye ndiye aliyekipokea hapa hapa, kwa sababu amelala pasipo choo na amekunywa maji mabaya kuliko yako. Na aliyekileta huenda ni mfanyabiashara mzima kabisa, aliyeshuka kwenye treni ya Kongolo au kwenye mashua na magunia yake, akala, akasalimia watu, akaenda zake. Hakuna macho ya kumtambua mtu huyo. Basi ukimfukuza mgeni, umefukuza mtu. Njia umeiacha wazi.

Mfano tunao. Mwaka 2011 kipindupindu kilionekana Kisangani, kikashuka na mto, mji kwa mji, mpaka Kinshasa, kabla ya nusu ya mwaka kwisha. Kilisafiri pamoja na mashua na masoko, kama samaki na mchele wanavyosafiri. Na wazee wanakumbuka Goma, Julai 1994. Wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu katika siku chache, wakakaa juu ya mawe ya volkano ambamo choo hakichimbiki wala kisima hakichimbiki. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara kwa damu. Wangelikuwa watu wa kabila lolote lingine juu ya mawe yale, bila maji na bila vyoo, hesabu ingelikuwa ile ile.

Wazungu nao walipitia huko. London, mwaka 1854, wasomi walikuwa wakiamini kwamba kipindupindu kinaletwa na hewa inayonuka. Daktari John Snow hakutafuta wa kumlaumu. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza wafu walikuwa wakichota maji wapi, akakuta wengi wao walichota kwenye pampu moja ya barabara ya Broad Street, mahali ambapo zaidi ya watu 500 walikufa katika siku 10. Aliomba mkono wa pampu uondolewe, ukaondolewa. Hiyo ni kazi ya swali la kwanza.

Na kazi ya swali la pili ni hii. Miaka ya 1348 na 1349 tauni ilikuwa ikiua watu Ulaya, ugonjwa wa viroboto na panya ambao hata sisi tunao kule Ituri. Uvumi ukasema kwamba Wayahudi wametia sumu visimani. Katika mji wa Strasbourg, tarehe 14 Februari 1349, Wayahudi kwa mamia walichomwa moto. Wakati ule tauni ilikuwa haijafika Strasbourg. Ilifika baadaye, ikawakuta waliochoma wenzao, ikawaua.

Turudi nyumbani. Mtu akianza kuharisha maji meupe kama maji ya mchele, usingoje asubuhi. Kipindupindu kisichotibiwa kinaweza kuua mtu mzima kwa saa chache, kwa kumkausha maji mwilini. Kikitibiwa mapema, katika wagonjwa 100 hafi hata mmoja. Ukiwa safarini kwenda kituo cha afya, mnyweshe njia nzima. Kama huna pakiti ya dawa ya maji, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, vya kujaa sawasawa bila kilima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Maji ya kunywa yachemshwe, au yatiwe kloro na kungojwa nusu saa kabla ya kunywa. Mikono inawiwe kwa sabuni, na sabuni ikikosekana, kwa majivu. Choo kifunikwe. Mama ataniambia: haya tunayajua tangu shule ya msingi. Ni kweli, mnayajua. Lakini kama mgonjwa anaogopa kufukuzwa katika nyumba ya kupanga, atafichwa, ataharisha ndani ya ndoo usiku, na ndoo itamwagwa mtoni pale pale ambapo wewe utateka maji alfajiri. Hofu yako imefungua njia ambayo sabuni yako ilikuwa imeifunga.

Kila ugonjwa una njia yake, na ukikosea njia unafunga mlango ambao haukutumiwa. Surua inapita katika hewa: mtoto mmoja anaweza kuambukiza wengine zaidi ya 10 ambao hawakuchanjwa, na kunawa mikono peke yake hakutawaokoa. Hapo dawa ni sindano. Mwaka 2019, wakati dunia nzima ilikuwa ikitazama Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, surua iliua katika nchi yetu watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Ebola yenyewe, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, iliua 2,287. Chanjo ya surua ni ya zamani na ni ya bei ndogo. Mimi naona aibu ya hesabu hiyo ni yetu sote, serikali na wazazi pamoja.

Kisha kuna ile tunayoiita ndui ya nyani, ambayo siku hizi madaktari wanaiita mpox. Hapa Maniema si mgeni. Mtu wa kwanza kutambuliwa nayo duniani alikuwa mtoto mdogo wa nchi yetu, upande wa Basankusu, mwaka 1970. Jina lake limetudanganya: liliitwa la nyani kwa sababu lilionekana kwanza katika nyani wa maabara huko Denmark mwaka 1958, lakini wataalamu wanashuku zaidi wanyama wadogo wa porini, kama panya na kuchakulo. Kwa mtu inapita kwa kugusana: ngozi kwa ngozi, kulala kitanda kimoja, kuazima nguo na shuka, na tendo la ndoa. Aina mpya iliyotambuliwa Kamituga mwaka 2023 ilienea sana kwa njia hiyo ya mwisho, katika mji wa machimbo. Unaona jinsi ilivyo rahisi mtu kupewa jina baya? Kijana anarudi kutoka machimboni na vipele, tayari watu wamekwisha kumhukumu. Basi anajificha kwa shangazi, analala na watoto watatu katika kitanda kimoja.

Na kule Tunda, katika teritwari ya Kibombo, tulipata fundisho ambalo halikutangazwa vya kutosha. Dawa moja iitwayo tekovirimati ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Tunda na wa Kole katika Sankuru. Mwaka 2024 matokeo yakatoka: dawa haikuponya vidonda upesi kuliko kidonge kisicho na dawa. Lakini katika wagonjwa wale wote 597, wenye kupewa dawa na wasiopewa, walikufa chini ya 2 katika kila 100, na katika nchi kwa jumla walikuwa wakifa zaidi ya 3. Kitu gani kiliwasaidia? Walilazwa, wakasafishwa vidonda, wakalishwa, wakaangaliwa. Hiyo haitoki Amerika kwa ndege. Inahitaji mgonjwa asiyeogopa kujitokeza, na kituo kisichomgeuza kuwa kiroja.

Sasa niseme upande wa serikali, nisije nikaonekana nawahubiria raia tu. Watu hawakosi imani bila sababu. Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, sababu zikatajwa kuwa Ebola na usalama, na hali nchi nyingine ikapiga kura bila wao. Siku iliyofuata tangazo la kuahirisha, waandamanaji waliharibu kituo cha kupimia wagonjwa wa Ebola huko Beni. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, mwana wa Kameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya Butembo. Kumwua daktari ni uhalifu, hakuna siasa inayousafisha. Lakini mtawala akitumia jina la ugonjwa katika mambo ya kura, asishangae watu wakiuona ugonjwa wenyewe kuwa siasa. Wanaosimamia mazishi nao walijifunza kwa taabu: jamaa wakiruhusiwa kusimama kwa mbali, kuuona uso wa marehemu wao na kuomba kwa dini yao, hawaibi maiti usiku.

Vivyo hivyo barieri. Wakati wa ugonjwa inawekwa barieri ya kunawisha mikono na kupima homa. Ni vizuri. Lakini pale askari anapopokea franka na kumwachia mtu apite bila kunawa, kijidudu nacho kimepita, na kimelipiwa njia. Kumtenga mgonjwa si kifungo. Kuna sababu yake na kuna mwisho wake: wa mpox anatengwa mpaka magamba yaanguke na ngozi mpya itoke. Siku hiyo ikifika, hakuna anayeweza kumkataza sokoni wala shuleni, na hakuna wa kumtoza kitu ili aachiwe.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Kifungu cha 48 kinataja haki ya kupata maji ya kunywa. Haisemi maji ya wenyeji. Mkimbizi wa ndani aliyekimbia vita na kufika Kindu ni raia kama wewe. Pia tuna amri-sheria namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966, ambayo inaadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Anayesimama sokoni na kuwachochea watu wafukuze kabila fulani kwa kisingizio cha ugonjwa, asidhani anasema tu.

Kwa hiyo, ikiwa mtu amezuiwa kisimani kwa sababu ya ukoo wake, au ametupiwa vyombo nje kwa sababu mtoto wake ameharisha, aende kwa shefu wa kartie, pamoja na mhudumu wa kituo cha afya, kwa maana yeye ndiye anayeweza kueleza njia ya ugonjwa mbele ya watu. Shefu akikataa kusikia, waende kwa burgumesta wa komuni. Na kama mtu amepigwa au nyumba imechomwa, hayo ni mambo ya polisi na ya parke; hayamalizwi kwa mbuzi na mfuko wa mchele.

Mmoja wenu ameuliza kwa barua kama mama anayenyonyesha na ana kipindupindu aendelee kunyonyesha. Ndiyo, aendelee, mradi anawe mikono kwa sabuni, na yeye mwenyewe anywe maji ya dawa kwa wingi. Barua nyingine tutazisoma juma lijalo, saa ile ile.