Kupamba keki kwa fondanti na gampesti: yajue haya kabla ya kupokea malipo ya kwanza

Kama umeanza kuoka keki za kuuza, iwe ni mjini Jinja, Mbale au ndani ya makazi, bila shaka siku moja mteja atakuonyesha picha kwenye simu: keki nyeupe, laini kama sahani, mawaridi yameshuka upande mmoja. Atakuuliza, "Unaweza hii?" Kabla hujapokea malipo ya kwanza, elewa kwamba kwenye picha ile kuna vitu viwili. Ile ngozi laini ni fondanti. Yale maua ni gampesti. Vyote viwili ni sukari ya unga iliyokandwa, lakini ukitumia kimoja mahali pa kingine utaharibu kazi, na fedha ya mtu utairudisha.

Harusi za Uganda zinaipa keki kazi kubwa. Mara nyingi haiwi keki moja. Hupangwa kadhaa kwenye stendi, moja inakatwa na vipande vinagawiwa wageni, na nyingine maharusi wanawakabidhi wazazi, wakwe, kanisa au wenzao wa kazini. Keki hizo husimama saa nyingi chini ya hema, mchana wa joto. Krimu ya siagi ikikaa hapo inaanza kuteleza. Fondanti inavumilia, tena bila friji, na ndiyo sababu inapendwa.

Tuanze na fondanti yenyewe. Kwa kilo 1 ya sukari ya unga, nyunyiza kijiko kikubwa kimoja cha jelatini juu ya robo kikombe cha maji baridi, uiache dakika 5 ivimbe. Weka bakuli hilo juu ya sufuria ya maji moto mpaka iyeyuke, lakini isichemke. Tia nusu kikombe cha glukozi nzito ya majimaji, kijiko kikubwa kimoja cha glisarini, na vijiko vikubwa viwili vya mafuta magumu meupe ya kupikia. Mimina katikati ya sukari, koroga, kisha kanda kama unga wa chapati mpaka ishikane na isinate vidoleni. Funga ndani ya kaveera mara mbili, uiache ilale usiku mmoja.

Hapo kuna mitego mitatu. Sukari ipo karibu, kiwanda cha Kakira kiko nje kidogo ya Jinja, lakini sukari ya chai ukiisaga nyumbani haiwi laini ya kutosha: punje zinabaki na fondanti inachanika ukiitandaza. Nunua sukari ya unga yenyewe, na bado uichekeche. Glisarini nayo, ile ya chupa ndogo inayouzwa dukani kwa kupaka ngozi si ya kula. Uliza duka la vifaa vya keki. Na glukozi ya unga inayouzwa duka la dawa haiwezi kushika nafasi ya ile nzito inayovutika kama asali.

Jelatini inahitaji neno lake. Nyingi hutengenezwa kwa nguruwe. Kama unauza Mbale, mji wenye Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu mwaka 1988, au unauzia majirani Wasomali, soma pakiti na utafute ya ng'ombe yenye alama ya halali. Usimwambie mteja "haina shida" kama hujasoma.

Sasa kufunika. Pima keki kabla ya kutandaza: upana, jumlisha urefu mara mbili, ongeza sentimita 5. Keki ya upana wa sentimita 25 na urefu wa sentimita 10 inahitaji duara la sentimita 50, kama kilo 1 ya fondanti hivi. Tandaza kwa mti wa kusukumia chapati, unene wa milimita 3 au 4. Chini nyunyiza unga laini wa wanga wa mahindi, kidogo tu, ukizidisha utaikausha. Keki iwe imepoa kabisa na imepakwa krimu au jemu nyembamba, kwa sababu kila shimo litaonekana juu. Ikitokea mipasuko midogo kama ngozi ya tembo, weka mafuta meupe kidogo kwenye ncha ya kidole na usugue kwa kuzungusha. Pofu la hewa litoboe kwa sindano safi iliyolazwa, kisha bonyeza taratibu.

Adui mkubwa ni maji ya hewani. Wengi mlisikia jina la Nalufenya redioni kwa sababu ya kituo chake cha polisi. Mpamba keki anaukumbuka mtaa huo kwa unyevu. Uko karibu na Naili, ziwa haliko mbali, na miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, sukari inakunywa maji kutoka hewani. Mimi nililipia somo hilo hapo hapo. Niliogopa joto, nikaomba nafasi kwenye friji ya soda ya jirani, keki ikalala humo usiku mzima. Asubuhi ilitoka nzuri. Nusu saa baadaye ilikuwa inatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye baridi, rangi nyekundu ya utepe ikachuruzika mpaka chini. Bibi harusi alikuwa mpole, mama yake hakuwa. Basi, keki ya fondanti ikae kwenye boksi la karatasi, chumba chenye hewa, mbali na jiko la mkaa na mbali na jua. Na jazo lisiwe krimu ya maziwa, ili usilazimike kutafuta friji.

Gampesti tabia yake ni nyingine. Inakauka ikawa ngumu kama kigae, na kabla ya hapo inakubali kutandazwa nyembamba mpaka uone kivuli cha kidole chako upande wa pili. Njia rahisi: chukua gramu 250 za fondanti, kandia kijiko kimoja cha chai cha poda ya CMC, funga vizuri, iache mpaka kesho. Gundi yake ni poda hiyo hiyo, robo kijiko cha chai ndani ya vijiko vikubwa viwili vya maji.

Ua la waridi linaanza na koni ndogo juu ya kijiti cha meno. Iache ikauke usiku mzima, ama petali zitaivuta ianguke. Kata petali 9 na uzifunike kwa kaveera, kwani zinaanza kukauka ndani ya dakika chache. Laza petali juu ya kipande cha sponji safi, pitisha mgongo wa kijiko pembeni mpaka ukingo ujikunje. Moja inaifunika koni yote, 3 zinafuata zikipishana, 5 za mwisho zinafunguka. Kikata petali si lazima ununue. Fundi bati anaweza kukukunjia utepe wa bati safi bila kulehemu. Kausha kwenye trei ya mayai mpya iliyotandikwa karatasi safi, siku moja wakati wa jua, mbili au tatu wakati wa mvua. Rangi ya unga pakaa kwa brashi kavu ua likishakauka. Wakati wa kugawa keki, ondoa kila ua lenye kijiti au waya, hasa watoto wakiwepo.

Na hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo, wewe usiye na oveni. Maua ya gampesti hayahitaji moto, umeme wala friji. Yakikauka kabisa na kuwekwa kwenye boksi la karatasi, si la plastiki lililofungwa, yanakaa miezi. Unaweza kuyatengeneza kidogo kidogo jioni, na Desemba harusi zikijaa ukawauzia waokaji ambao hawana muda wa kukunja petali. Ukipanga bei, hesabu saa zako, si sukari peke yake. Ua moja ni sukari kidogo na kazi nyingi.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakuruhusu kufanya kazi. Ukifungua duka, hata la meza moja, uliza leseni ya biashara kwenye ofisi ya jiji au ya wilaya yako kabla askari wa jiji hawajakuuliza wewe.

Mwisho ni safari. Usiyapandishe maua kwenye keki ukiwa nyumbani halafu ukapakia boda au gari la Jinja kwenda Mbale. Keki iende peke yake juu ya sehemu bapa, maua kwenye boksi lake yakiwa yamezungushiwa karatasi laini, na uchukue maua matatu ya ziada, gundi yako na brashi. Utayabandika ukumbini.