QR yako inapendeza, lakini inasomeka? Soma hii kabla hujaichanganya na picha

Siku hizi muuzaji akitengeneza lebo anataka QR isiyofanana na QR. Hataki tena ule mraba mweusi na mweupe. Anataka iliyojificha ndani ya picha, maua yakipita juu ya viboksi, au bidhaa yenyewe ikitokeza katikati. Inavutia, hatubishi. Ila QR haikutengenezwa kwa ajili ya macho ya mtu, ilitengenezwa isomwe na kamera. Na kamera ikishindwa, mteja hatakupigia kulalamika. Atarudisha simu mfukoni, ataendelea na mambo yake, na wewe hutajua kwamba ulikuwa na oda.

Tuchukue mfano wa asali ya Samunge, wilaya ya Ngorongoro. Wasonjo wa huko, ambao wenyewe hujiita Batemi, wanajulikana kwa asali tangu zamani. Tuseme una chupa za nusu lita, unazipakia kwenye gari kwenda Arusha, nyingine zinafika mpaka Dar. Oda ya kwanza uliipata mtandaoni. Oda ya pili inategemea lebo, maana asali ikishafika jikoni kwa mtu, posti yako imeshazama zamani. (Mwaka 2011 Samunge ilijaza foleni ya magari kutoka nchi nzima bila lebo wala tangazo, kwa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo. Sisi wengine tunahitaji lebo.)

Kwenye lebo hiyo unataka picha ya mlima Ol Doinyo Lengai na QR iwe ndani ya picha, mtu akiskani afike WhatsApp kwako. Inawezekana kabisa. Lakini elewa kwanza kamera inatafuta nini.

QR ilibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Ile miraba mitatu mikubwa ya pembeni ndiyo inayoiambia kamera "hapa kuna QR, na imekaa hivi". Hiyo usiiguse. Usiipambe, usiifunike na jani, usiipe rangi iliyofifia. Ikishapotea mmoja, simu nyingi hazitajua hata kama kuna kitu cha kusoma. Na kuzunguka QR yote acha uwazi mtupu wenye upana wa viboksi vinne. Watu wengi wanaochanganya QR na picha huanza kwa kuua huo uwazi, halafu wanashangaa.

Viboksi vingine vingi ndivyo vyenye ujumbe wako, na ndani yake kuna akiba ya kujirekebisha. Kiwandani lebo hupata mafuta na mikwaruzo, kwa hiyo waliiwekea QR uwezo wa kusomeka hata sehemu yake ikiharibika. Kuna viwango vinne: L hurekebisha karibu asilimia 7 ya data, M asilimia 15, Q asilimia 25, H asilimia 30. Hapo ndo watu wanapojidanganya. Wanasikia asilimia 30 wanaona ni nafasi ya bure ya kuweka nembo kubwa katikati. Ndugu yangu, hiyo akiba siyo ya mapambo. Ni ya asali itakayochuruzika kwenye lebo, ya karatasi itakayokunjika ndani ya boksi, ya vumbi la barabara ya kutoka Loliondo. Ukiimaliza yote kwenye nembo, chupa inaondoka nyumbani ikiwa haina akiba hata kidogo. Chagua H, halafu nembo yako ichukue sehemu ndogo tu, isikaribie hiyo asilimia 30.

Jambo la pili ni urefu wa kile unachokiweka ndani. Linki ya WhatsApp ya wa.me yenye namba ya Tanzania, ukiandika na https yake, ni herufi 26. Kwa kiwango cha M inaingia kwenye QR ya viboksi 25 kwa 25. Kwa H inahitaji 33 kwa 33. Ukiongeza ule ujumbe wa "Habari, nimeona asali yako, naomba bei", linki inarefuka, viboksi vinaongezeka, na kila kimoja kinazidi kuwa kidogo. Kwenye lebo yenye QR ya sentimita 3, viboksi 33 maana yake kila kiboksi hakifiki milimita moja. Ukiweka picha juu ya hapo, simu ya bei ndogo itahangaika. Kwa hiyo fupisha. Salamu mteja ataiandika mwenyewe.

Tena kwa maeneo ambayo mtandao unasuasua, kuna kitu wauzaji wengi hawakitumii: QR ya kupiga simu. Unaandika tel: halafu namba yako kuanzia +255, jumla herufi 17. Ni fupi kuliko linki, na mteja asiye na bando bado anaweza kukupigia. Simu ikisoma QR haihitaji intaneti, intaneti inahitajika pale tu inapokwenda kufungua linki.

Sasa rangi. Kamera haijali kwamba hii ni nyekundu na ile ni kijani, inachotazama ni giza na mwanga. Shuka jekundu juu ya majani mabichi linaonekana vizuri sana kwa macho yetu, lakini ukiigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe vyote viwili vinaweza kuwa kijivu kilekile. Kipimo ni hicho hicho: kabla hujachapa, fungua picha kwenye simu, weka filta ya nyeusi na nyeupe, tazama. Kama wewe mwenyewe unapata shida kutofautisha viboksi na nyuma yake, simu ya mteja itapata shida zaidi. Kahawia iliyokolea juu ya njano ya asali inakubali. Njano juu ya nyeupe haikubali. Na usigeuze, yaani viboksi vyeupe juu ya picha nyeusi. Simu mpya nyingi zinaweza kuisoma, za zamani nyingi hazisomi, na hujui mteja wako ana simu gani.

Njia rahisi ya kuchanganya, na mimi ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu asiye na fundi wa michoro, ni kutafuta sehemu ya picha ambayo tayari ina mwanga. Kwenye picha ya Lengai, sehemu hiyo ni anga. Weka QR hapo, kahawia iliyoiva, bila ule mraba mweupe wa nyuma. Kama anga ina mawingu yenye madoa, weka chini ya QR tabaka jeupe linaloangaza kidogo, Canva inakuruhusu kupunguza ukolevu wake mpaka mlima uonekane kwa mbali. Picha inabaki picha, QR inabaki QR, na hujatumia akiba yako hata chembe.

Njia ya pili ni ya kitaalamu zaidi. Simu inaposoma, kwa kawaida inapima katikati ya kila kiboksi, siyo kiboksi kizima. Mwaka 2013 watafiti walionesha kwamba unaweza kugawa kila kiboksi sehemu tisa, tatu kwa tatu, ukaacha ya katikati ibaki na rangi yake sahihi, na zile nane za pembeni ukazitumia kuchora picha. Matokeo yake unaona sura au mlima, na simu bado inaona QR. Zipo programu zinazofanya hivyo. Shida yake ni ukubwa: kama kiboksi chako hakifiki milimita moja, hicho kidoti cha katikati ni theluthi ya milimita, na printa ya kawaida ya steshenari itakimwaga wino. Hii ifae bango au boksi la katoni, siyo lebo ya chupa.

Halafu kuna zile za akili bandia zilizoanza kusambaa mwaka 2023, QR inayogeuka kuwa kijiji au msitu. Nzuri mno. Lakini programu inachora kwanza, usomekaji unafuata, unaweza kutengeneza kumi ukapata mbili zinazosoma. Kwa lebo ya bidhaa unayotaka iuze miezi sita, mimi nisingehatarisha.

Kuna QR moja ambayo usiichanganye na picha yoyote: ya malipo. Benki Kuu iliweka kiwango cha taifa kinachoitwa TANQR, na QR za malipo zina data ndefu, kwa hiyo viboksi vyake ni vingi na vidogo tayari. Ibandike kama ulivyopewa, na Lipa Namba iandikwe kwa tarakimu pembeni pamoja na jina la biashara. Mwenye kitochi atalipa kwa kubonyeza menyu, na mwenye smatifoni atalinganisha jina kabla hajaweka namba ya siri. QR ya malipo iliyopambwa inamzoesha mteja kuamini stika yoyote nzuri, na matapeli wanajua kubandika stika yao juu ya yako.

Mtego mwingine uko kwenye tovuti za kutengeneza QR bure. Baadhi hazikupi QR ya linki yako, zinakupa ya linki yao inayompeleka mteja kwako. Muda wa majaribio ukiisha, wanadai malipo au linki inakufa, na wewe una lebo 500 zimeshabandikwa. Kujua ni rahisi: iskani, usifungue, soma anwani inayotokea. Kama inaanza na wa.me na namba yako, ni yako. Kama ni jina usilolijua, achana nayo.

Na kwa sisi tunaouza mtandaoni: QR kwenye status au kwenye posti haina faida kubwa, maana mteja ameshika simu hiyohiyo inayotakiwa kuskani. Huko weka linki ya kubonyeza. QR ni ya vitu vinavyoshikika, chupa, boksi, meza ya maonesho. Kwa bango, kadiria upana wa QR uwe moja ya kumi ya umbali: mtu akisimama mita 2, QR iwe sentimita 20.

Ukimtumia mchapaji kazi yako, usiitume kama picha ya WhatsApp, itabanwa na kingo za viboksi zitafifia. Itume kama dokumenti. Mwambie asiweke nailoni inayong'aa juu ya QR, inarudisha mwanga wa taa. Achape karatasi moja tu kwanza. Bandika kwenye chupa yenye asali ndani, kwa sababu chupa ni duara na QR pana inajikunja pembeni. Paka kidole chenye asali kwenye kona ya lebo, ifute. Halafu subiri jioni mwanga ukipungua, umpe dereva bodaboda mwenye simu yenye kioo kilichopasuka aiskani. Ikimshinda, sogeza mlima nyuma kidogo, ongeza weupe, chapa nyingine moja.