Usije Kisangani kutafuta ukuta wa maji

Swali ni lilelile, liwe limetoka Goma, Bunia au Dar es Salaam: "Mwalimu, nina siku moja tu Kisangani, na niko peke yangu. Nikiamka alfajiri, nitayamaliza maporomoko yote saba?" Huyamalizi. Na ukinitumia tena ile picha ya maji yanayotumbukia kutoka juu ya jabali, upinde wa mvua umekaa katikati, jibu langu halibadiliki: hapo si Boyoma. Mara nyingi ni Mosi-oa-Tunya, kwenye mto Zambezi, takriban kilomita 2,000 kusini ya kwetu.

Tufanye hesabu, maana haizidi ile ya shule ya msingi. Boyoma ni mfululizo wa maporomoko saba, kuanzia Ubundu hadi hapa mjini, umbali wa kilomita 100 hivi. Katika mwendo wote huo mto Kongo unashuka kama mita 60. Gawanya upate wastani: sentimita 60 kwa kilomita. Mto haushuki sawasawa, bila shaka. Hutulia kwa masafa marefu, kisha hufika penye mwamba mgumu ukakatika kwa povu na ngurumo. Lakini hata ungeyabeba yote saba ukayapanga moja juu ya jingine, usingeifikia Mosi-oa-Tunya yenye mita 108. Ukuta wa maji haupo, na haujawahi kuwepo.

Asiyeamini hesabu aitazame reli. Boti zikipanda kutoka Kinshasa, safari ya kilomita 1,700 na zaidi, zinaishia Kisangani. Kama Boyoma ingekuwa poromoko moja, ingetosha njia fupi ya kulizunguka. Badala yake wakoloni wa Leopold walilaza reli ya kilomita 125 hivi, kutoka ukingo wa kushoto hadi Ubundu, iliyoanza kazi mwaka 1906, ili mizigo ishushwe hapa na kupakiwa tena kule. Stanley na msafara wake, wakiburuta mitumbwi msituni huku wakipigana na wenyeji, walimaliza sehemu kubwa ya Januari 1877 kuyapita maporomoko hayo hayo. Isitoshe, kati ya Ubundu na Kisangani mto unavuka ikweta. Wewe unataka kuyaona yote kabla ya chakula cha mchana?

Kuna wanaojitetea kwa kusema kwamba basi Boyoma ni ya kwanza duniani kwa wingi wa maji. Maji ni mengi kweli: yametoka Katanga, yametoka Ziwa Tanganyika kupitia Lukuga, yamepita Maniema. Lakini Inga, huko chini, inapokea hayo yote pamoja na ya Ubangi na Kasai. Nani ni wa kwanza inategemea ulichoamua kukiita poromoko. Achaneni na taji hilo.

Nakasirika kwa sababu imani hii ya ukuta wa maji ina madhara. Wapo wanaomshawishi kijana mwenye mtumbwi awapandishe ndani ya mkondo "kuona yale makubwa". Usifanye hivyo. Wapo pia wanaofika Wagenia, kwenye poromoko la saba, wakauliza "ni haya tu?" wakapiga picha mbili na kuondoka. Wamesimama mbele ya jambo kubwa kuliko yote mjini na hawakuliona.

Tazama ile miti. Wavuvi wameisimika katika mashimo ya mwamba, katikati ya maji yanayoweza kumzoa mtu mara moja, wakaifunga kwa kamba za msituni na kutundika vikapu vikubwa vyenye umbo la koni, mdomo ukielekea mkondo. Samaki husukumwa ndani na nguvu ileile ya maji inayomzuia kutoka. Mvuvi lazima ajue mkondo unapita wapi maji yakipanda na wapi yakishuka, na nguzo ipi itahimili. Yote haya yanawezekana kwa sababu poromoko ni fupi. Lingekuwa na mita mia, kusingekuwa na kikapu hata kimoja. Ufupi mnaoulalamikia ndio uliowalisha watu wa hapa vizazi kwa vizazi.

Sasa siku yako. Uwanja wa ndege wa Bangboka uko nje ya mji, kwa hiyo panda piki na mpatane bei kabla ya kukaa. Anza Wagenia asubuhi: ongea na wenyeji kwanza, lipa kinachokubaliwa, ndipo utoe simu kupiga picha. Kaa saa mbili, si dakika kumi. Mchana nenda Makiso, ule samaki wa liboke, aliyepikwa ndani ya majani, na chikwange ya muhogo, kisha ulione kanisa kuu la Notre-Dame kando ya mto. Mji huu, enzi ukiitwa Stanleyville, ndimo Lumumba alimofanya kazi ya posta. Jioni nenda mto Tshopo. Usipige picha madaraja, bwawa la umeme, uwanja wa ndege wala askari. Ukiwa peke yako hakuna wa kukusemea. Kabla ya kuvuka kwenda Lubunga, kwenye ukingo wa kushoto, uliza hali ilivyo, kwa sababu tangu 2023 mapigano kati ya jamii za Wambole na Walengola yamefika huko. Na anayetaka kweli maporomoko ya juu atenge siku kadhaa, atafute mwenyeji wa Ubundu, na asikate tiketi ya kurudi kabla hajajua barabara ikoje.