Safari ya Mililita Tatu za Damu

Ujumbe kutoka maabara ya ng'ambo ulikuwa mfupi: damu ya mtoto imefika ikiwa katika kichupa cha heparini, haifai kwa usomaji wa vinasaba, tunaomba sampuli nyingine. Zilikuwa zimepita wiki saba tangu mtoto yule wa miaka sita atolewe damu. Alikuwa akianguka mara kwa mara, mashavu ya miguu yake yamejaa kuliko kawaida, na kila alipotaka kuinuka kutoka sakafuni alijikweza kwa kushika mapaja yake mwenyewe. Tulishuku ugonjwa wa Duchenne, ambao hudhoofisha misuli hatua kwa hatua. Mama yake, aliyekuwa na ujauzito wa miezi mitano siku ya kwanza tulipoonana, aliniuliza swali moja tu: "Daktari, na huyu aliye tumboni?"

Swali lake lilikuwa na njia ya kujibiwa. Jeni inayohusika imo katika kromosomu ya X. Mama akiwa anaibeba ikiwa na kasoro, kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua. Lakini takriban theluthi moja ya wagonjwa hupata kasoro hiyo kwa mara ya kwanza wao wenyewe, bila mama kuwa nayo. Kwa kumtazama mtoto tu huwezi kujua ni lipi kati ya mawili hayo. Lazima jeni isomwe, ya mtoto kisha ya mama.

Kosa lilikuwa dogo kwa kulitazama. Siku ile vichupa vya kifuniko cha zambarau vilikuwa vimekwisha, na mwenzetu wa chumba cha kutolea damu akatumia cha kijani. Hoja yake ilikuwa na mantiki, kwani vyote viwili huzuia damu kuganda. Namna vinavyozuia ndiyo tofauti. EDTA iliyo katika kichupa cha zambarau hunasa madini ya kalsiamu ambayo damu huyahitaji ili igande, na huondoka kwa urahisi vinasaba vinaposafishwa. Heparini iliyo katika kile cha kijani hung'ang'ania, kisha huzuia kimeng'enya kinachotumika kunakilisha vinasaba kabla ya kusomwa. Nami simwachii mwenzetu lawama peke yake: fomu ile niliitia saini bila kufungua kisanduku.

Tangu hapo ninafungua. Jambo la kwanza ninalotazama ni kama damu imeganda. Chembe nyekundu zilizokomaa hazina kiini, hivyo vinasaba tunavyovitafuta vimo katika chembe nyeupe, na bonge la damu huzifunga humo. Ndiyo maana kichupa hupinduliwa taratibu mara 8 hadi 10 mara tu baada ya kujazwa. Kisitikiswe kama chupa ya dawa ya kikohozi, maana chembe zitapasuka.

Kisha lebo. Ibandikwe kwenye kichupa chenyewe, kamwe si kwenye kifuniko, na iandikwe mgonjwa akiwa bado ameketi mbele yako. Jina peke yake halitoshi. Katika kliniki zetu si ajabu kuwa na akina Juma Hassan wawili asubuhi moja, kwa hiyo ongeza namba ya jalada au tarehe ya kuzaliwa. Wino nao uwe ule usiofutika kwa maji wala spiriti. Kichupa kilichotoka katika kisanduku chenye unyevu kikiwa na bandeji iliyochujuka wino ni sampuli ya mtu asiyejulikana, na maabara yenye uangalifu itaitupa.

Kuhusu baridi, wengi huamini kwamba kadiri inavyozidi ndivyo bora. Sivyo. Damu nzima ya kusomwa vinasaba hukaa vizuri katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi kwa siku kadhaa. Ikigusana na pakiti ya barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza, chembe hupasuka. Ikigandishwa na kuyeyuka mara kwa mara, vinasaba hukatika vipande vipande. RNA ni dhaifu zaidi. Huanza kuharibika ndani ya saa chache, hivyo huhitaji kichupa maalumu chenye dawa ya kuihifadhi tangu damu inapotoka. Na tafadhali, usitume Ijumaa. Kifurushi kitalala uwanja wa ndege hadi Jumatatu, na ikiwa ni wiki ya Idi au Pasaka, hadi siku usiyoijua.

Ufungaji una tabaka tatu: kichupa kisichovuja, chombo cha pili kisichovuja, ndani yake kukiwa na kitu cha kufyonza kinachotosha kunywa majimaji yote, kisha kasha gumu la nje lenye alama ya UN3373. Barafu kavu ikitumika, ambayo ina ubaridi wa takriban nyuzi 78 chini ya sifuri, kasha huandikwa UN1845 na uzito wa barafu hiyo kwa kilo. Barafu hii haiyeyuki kuwa maji, hugeuka gesi. Ukiifunga ndani ya chombo kisichopumua, chombo kitapasuka. Ukiibeba garini, fungua madirisha.

Si kila sampuli inahitaji anasa hizo. Matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi chujio husafiri ndani ya bahasha. Mmarekani Robert Guthrie aliyatumia kupima watoto wachanga miaka ya 1960, na leo ndiyo nguzo ya ufuatiliaji wa usugu wa malaria. Badiliko liitwalo R561H katika jeni ya kelch13 ya kimelea, lililoripotiwa Rwanda mwaka 2020 na baadaye kwetu Kagera, hufuatiliwa kwa karatasi za namna hii kutoka vituo vya afya vya kawaida kabisa. Sharti lake ni subira: zikaushwe zikiwa zimelala, kivulini, kwa saa tatu au zaidi, bila kupangwa moja juu ya nyingine, ndipo zitiwe mfukoni pamoja na kipakiti cha kunyonya unyevu.

Mwaweza kuuliza kwa nini tusisome vinasaba hapahapa nchini. Baadhi tayari vinasomwa. Zipo mashine Dar es Salaam na Moshi, na nyingine zitakuja. Lakini kichupa kibaya ni kibaya hata kikivuka barabara tu.

Kwa wagonjwa nina maombi mawili. Mwambie anayekutoa damu ikiwa uliongezewa damu hivi karibuni, au uliwahi kupandikizwa uboho. Aliyepandikizwa, damu yake huonyesha vinasaba vya aliyemchangia. Na kabla hujatia saini ya ridhaa, uliza: sampuli inakwenda wapi, nani ataona jina langu, kitakachobaki kitafanywa nini, na je, wakikuta ugonjwa mwingine nisioutafuta, nitaambiwa? Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, maswali hayo yana uzito wa kisheria, na kwa sampuli za utafiti lazima pia kuwe na mkataba wa kuzihamisha. Daktari anayekereka akiulizwa hajajiandaa.

Mama yule alirudi, siku mbili kwa basi, akiwa katika mwezi wa saba. Nilimwomba radhi, akaniitikia kwa kichwa tu. Tulichukua damu ya mtoto na yake. Nilipomaliza kubandika lebo alinyoosha mkono, akaomba avione vichupa, akasoma majina yote mawili kwa sauti ya chini, kisha akauliza kama zambarau ndiyo yenyewe. Majibu yalifika baada ya wiki kumi: kijana ana Duchenne, na mama anaibeba jeni hiyo. Mdogo wake, msichana, alikuwa amekwisha kuzaliwa, ana wiki moja.