Umerudi nyumbani, sasa nani atakuchongea meza?

MTU anaporejea kutoka ukimbizini huulizwa maswali mawili: shamba lenu liko wapi, na watoto watasoma wapi. Hakuna anayemuuliza watoto hao wataandikia juu ya nini. Mimi ni mwalimu, na jibu naliona kila ninapokusanya madaftari: kurasa nyingi zina michirizi ya mkeka.

Nilisoma shule ya msingi huko Katumba, makazi ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, ambayo wakati huo yalikuwa mkoa wa Rukwa na leo yako Katavi. Serikali ya Tanzania ilipotutaka tuchague kati ya kuomba uraia na kurudi, zaidi ya watu 50,000 kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu tulirudi, wengi wetu katika miaka ya 2008 na 2009. Sehemu kubwa tulifikia ukanda wa Imbo, pande za Rumonge na Nyanza-Lac. Sufuria na magodoro tulikuja nayo. Kabati na meza kubwa wengi waliuza kabla ya safari, tena kwa bei ya kutupa.

Kule Katumba fundi seremala tulimjua tangu utoto wake. Tulijua nani ana mkono mzuri na nani anakula kianzio kisha anahama njia. Huku hatujui, naye fundi hatujui sisi. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ukifungua mdomo tu, Kiswahili chako cha Mpanda kinatangulia na bei inapanda. Lakini tumtendee haki fundi naye: ana hofu kwamba utaagiza kitanda halafu usionekane tena.

Yafuatayo nimejifunza kwa kuagiza vitu vidogo vidogo: rafu ya vitabu, vigoda, meza ya mtoto. Huenda yakamsaidia msomaji, awe amerudi mwaka jana au awe mfanyabiashara wa mpakani anayetaka kabati la duka.

Anza na kazi ya zamani

Karakana usiihukumu kwa kitanda kipya kinachong'aa kando ya barabara. Vanishi huficha mengi. Mwombe fundi akuelekeze kwa mteja aliyemtengenezea kitu miaka mitatu iliyopita, uende ukakitikise. Kiti kilichounganishwa kwa ulimi na tundu, kikatiwa gundi, hubaki imara. Kilichogongwa misumari mitupu huanza kulia baada ya muda mfupi, kwa sababu mbao hutanuka wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, na msumari hulegea taratibu.

Aidha, usianze na kitu kikubwa. Agiza kigoda kwanza. Kigoda kina miguu, viungo na sehemu ya kukalia; ni mtihani wa fundi kwa gharama ndogo. Ataonyesha pia kama anajua kutimiza ahadi ya siku.

Futi au sentimita?

Sisi tuliokulia Tanzania tunataja futi na inchi. Mafundi wengi wa Burundi, nchi iliyotawaliwa na Ubelgiji, wanapima kwa sentimita. Ukisema "nne kwa mbili" kila mtu anaelewa lake. Inchi 1 ni sentimita 2.54, na futi 1 ni sentimita 30.48. Meza ya futi 4 kwa 2 ni kama sentimita 122 kwa 61. Andika kipimo kwa sentimita, chora umbo hata kama mchoro wako haupendezi, na kila upande ubaki na nakala.

Kwa meza ya mtoto, usiige urefu wa meza ya jirani. Mkalishe mtoto, nyayo zikae chini zote. Urefu wa kiti ni kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake. Uso wa meza uwe usawa wa kiwiko chake au juu yake kidogo. Mtoto anayeandika mabega yakiwa yamepanda huchoka mapema, na mwalimu humwona mvivu bure. Kwa rafu ya vitabu, ubao wa unene wa sentimita 2 usiuache uende zaidi ya sentimita 80 bila nguzo ya kati. Vitabu ni vizito, ubao utapinda.

Mbao mbichi ndiyo adui

Katika maeneo yetu mkaratusi unapatikana kwa wingi. Una nguvu, lakini ukichongwa ukiwa mbichi hupinda na kupasuka. Grevilea, ule mti unaopandwa mipakani mwa mashamba, ni mwepisi na hufaa kwa samani za ndani. Mninga wa misitu ya Tabora na Katavi hautingishiki sana na hustahimili mchwa, ila bei yake ni ya wakubwa. Mfanyabiashara anayefikiria kuuvusha kutoka Kigoma ajue kuwa upande wa Tanzania mazao ya misitu hayasafiri bila hati ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mbao isiyo na karatasi inaweza kukugharimu mzigo mzima.

Mwaka fulani niliagiza rafu yenye milango kwa fundi ambaye sitamtaja. Aliahidi mbao kavu. Baada ya miezi miwili milango haikufunga na pembe moja ilipasuka. Kilichoniokoa ni karatasi tuliyosaini mbele ya jirani yake, mzee anayeheshimika, ambayo ilisema wazi: "mbao kavu". Yule mzee aliisoma, akamtazama fundi, hakuhitaji kusema mengi. Milango ilichongwa upya bila mimi kuongeza faranga.

Tangu hapo natumia mzani. Chukua kipande cha mbao ileile, kipime sokoni leo, kiweke ndani mahali pakavu, kipime tena baada ya wiki moja. Kikipungua uzito, mbao bado inakauka na haijafaa. Mbao ya inchi 1 iliyopangwa kivulini, ikiachiwa nafasi hewa ipite, huweza kuhitaji miezi mingi. Fundi anayekuambia "subiri" huenda ndiye anayekupenda.

Malipo kwa hatua

Mwambie fundi akutenganishie bei: mbao kiasi gani, vifaa kama gundi, bawaba na kitasa kiasi gani, na ufundi kiasi gani. Kianzio kiwe cha mbao, na ikiwezekana mwende kununua pamoja. Sehemu ya pili lipa umbo likishasimama, kabla ya puti na vanishi, maana hapo ndipo viungo vinaonekana. Salio lipa siku ya kuchukua, tena ulipe siku hiyohiyo. Mteja aliyerudi akisifika kwa kulipa, anayemfuata hatapandishiwa bei.

Kuna jambo jingine zito kuliko meza. Katika vijiji vyetu, kati ya sisi tuliorudi na wale waliobaki, wengi wamekutana kwa mara ya kwanza wakigombea mpaka wa shamba. Maneno yaliyosemwa huko hayafutiki haraka. Fundi aliyenitengenezea milango ile mara ya pili ni wa ukoo ambao ndugu zangu walikuwa na kesi nao. Leo ananitumia mwanawe nimsaidie hesabu. Sidai kwamba rafu imemaliza kesi. Nasema tu kwamba tulipata kitu cha kuzungumza ambacho si ardhi.

Vilevile wapo mafundi miongoni mwetu waliojifunza kazi makambini kwa kushika randa, bila cheti chochote. Katika mtaa wangu nawajua watatu. Mmoja anauza maandazi, mwingine anabeba mizigo ufukweni. Mikono yao haijasahau. Kinachokosekana ni wateja na jina. Ukiwa na kazi ndogo, gawa: kigoda kwa huyu aliyebaki, meza kwa yule aliyerudi. Ukiridhika, mtaje fundi wako kwa jina sokoni, msibani na harusini. Matangazo ya karakana za kwetu hupita midomoni mwa watu.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya msingi, Rumonge.