Je, gari la kifahari la mtumba lina faida kwa mnunuzi wa Mombasa?

SI ajabu, mwishoni mwa juma, kuona msafara wa harusi ukisimama mbele ya Ngome ya Yesu ili bwana na bibi harusi wapigwe picha. Gari la maarusi huwa limepambwa kwa maua na utepe, na mara nyingi huwa ni Mercedes-Benz, BMW au Range Rover inayong'aa kana kwamba imetoka kiwandani jana.

Ukweli ni kwamba magari mengi ya aina hiyo hayakutoka kiwandani jana. Yaliwahi kuwa mali ya mtu mwingine huko Japan au Uingereza, yakatumika kwa miaka mitano, sita au saba, kisha yakapakiwa melini na kushushwa Kilindini, upande wa pili wa kisiwa.

Gari hilo haliwezi hata kuwafikisha maarusi nyumbani iwapo nyumba yao iko ndani ya Mji wa Kale. Ngome ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na vichochoro vilivyo nyuma yake vimerithi desturi ya enzi ambapo kilichohitaji kupita ni mtu, punda na mkokoteni. Dereva wa gari pana hulazimika kuliacha uwanjani, na maarusi wakamalizia safari kwa miguu.

Hata hivyo, hamu ya kumiliki gari la namna hiyo haijapungua. Mwenye milioni tatu au nne mkononi, awe amezikopa katika chama cha akiba na mikopo au amelipwa kiinua mgongo, hujiuliza swali moja: kwa nini anunue gari dogo jipya, ilhali fedha hizo hizo zinaweza kumpatia gari kubwa la kifahari lililotumika?

Swali hilo lina mantiki yake. Gari la kifahari hupoteza thamani kwa kasi kuliko gari la kawaida. Tajiri anayelinunua likiwa jipya hulipia jina, harufu ya ngozi na heshima ya kuwa wa kwanza, na mambo hayo matatu hayana bei kubwa katika soko la mitumba. Ndiyo maana katika nchi nyingi gari la aina hiyo huweza kupoteza nusu ya bei yake, au zaidi, katika muda wa miaka mitano tu.

Nchini Japan kuna sababu nyingine. Sheria ya huko humtaka mwenye gari la binafsi alifikishe kwa ukaguzi wa lazima likitimiza miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi huo, pamoja na kodi na bima zinazoambatana nao, hugharimu fedha nyingi, na wenye magari wengi huona afadhali kuyauza kabla ya zamu inayofuata. Magari hayo hupelekwa mnadani, na huko ndiko mawakala wanaouza Afrika Mashariki hununua.

Kwa hiyo bei ya kule ni nafuu kweli. Tatizo huanza pale gari linapokaribia Mombasa.

Kwanza kuna suala la umri. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza, na kabla ya kusafirishwa gari hukaguliwa na kampuni iliyoidhinishwa na Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS). Gari lenye usukani wa kushoto halisajiliwi, isipokuwa la kazi maalumu. Masharti ya majirani ni tofauti: Uganda ilipitisha mwaka 2018 sheria ya kuzuia magari yaliyozidi miaka 15, na Tanzania haikuyapiga marufuku makuukuu bali huyatoza kodi ya ziada. Ndiyo maana si kila gari linaloshushwa Kilindini linaruhusiwa kubaki Kenya.

Pili, na hapa ndipo wengi hukwama, Mamlaka ya Ushuru (KRA) haikadirii kodi kwa kutazama risiti ya mnunuzi. Imekuwa ikitumia orodha ya bei za magari hayo yakiwa mapya katika soko la Kenya, kisha hupunguza asilimia fulani kulingana na umri wa gari, na kutoka hapo kupata thamani ya forodha. Aliyebahatika kupata Mercedes kwa bei ya kutupa mnadani Yokohama habebi bahati hiyo hadi Kilindini. Kwake yeye gari limeporomoka bei, lakini katika hesabu za forodha bado linakumbuka lilivyokuwa jipya.

Kwa viwango vilivyotumika mwaka 2025, gari lenye thamani ya forodha ya shilingi milioni moja lilitozwa ushuru wa kuingiza wa asilimia 35, yaani Sh350,000. Juu ya jumla hiyo uliongezwa ushuru wa bidhaa, ambao kwa gari la petroli lenye injini inayozidi sentimita 3,000 za ujazo ulikuwa asilimia 35 nyingine, yaani Sh472,500. Kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 16 ilitozwa juu ya yote hayo, nayo ni Sh291,600.

Ukiongeza ada ya hati ya uagizaji ya asilimia 2.5 na ile ya maendeleo ya reli ya asilimia 2, kodi zote zinafika Sh1,159,100. Kwa maneno mengine, mnunuzi hulipa serikali zaidi ya thamani ya gari lenyewe. Injini ikiwa chini ya kiwango hicho lakini juu ya sentimita 1,500, ushuru wa bidhaa hushuka hadi asilimia 25 na jumla yote huwa Sh1,002,500. Hapo hakujahesabiwa nauli ya meli, malipo ya wakala wa forodha, wala gharama za kuhifadhi gari zinazoanza kuhesabiwa siku chache za bure zikimalizika.

Kulikuwa na kipindi kifupi ambapo mambo yaligeuka juu chini. Desemba 2015 serikali iliacha kutoza ushuru wa bidhaa kwa asilimia na kuweka kiwango kimoja: Sh150,000 kwa gari lisilozidi miaka mitatu na Sh200,000 kwa lililozidi umri huo. Aliyeagiza kigari cha injini ndogo akajikuta analipa sawa na aliyeagiza Range Rover. Kilio cha wanunuzi wa kawaida kilikuwa kikubwa, na mwaka 2016 utaratibu wa asilimia ukarudishwa. Walionufaika ni wale wachache walioagiza magari makubwa katika miezi hiyo.

Tuseme kodi zimelipwa na gari limetoka bandarini. Mnunuzi anapaswa kujua kwamba bei ya gari imeshuka, lakini bei ya vipuri vyake haijashuka. Gari lililouzwa milioni 12 likiwa jipya na sasa linauzwa milioni tatu bado linahitaji vipuri vya gari la milioni 12.

Mfano mzuri ni mfumo wa chemchemi za hewa unaotumika katika Range Rover na baadhi ya Mercedes mahali pa springi za chuma. Gari likiwa jipya, mfumo huo hulifanya lielee juu ya barabara. Lakini mifuko yake ni ya mpira, na mpira huzeeka. Ukipasuka, hewa huvuja, pampu hufanya kazi bila kupumzika hadi inaungua, na asubuhi moja mwenye gari hulikuta limekaa chini kama ngamia. Chemchemi moja ya chuma huweza kubadilishwa na fundi yeyote wa Makupa kwa saa chache, lakini mfumo wa hewa huhitaji fundi aliyeusomea, mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na kipuri ambacho mara nyingi huagizwa kutoka Dubai au Uingereza.

Hali ni hiyo hiyo kwa vihisi na visanduku vya umeme ambavyo magari ya kisasa ya Ulaya yamejaa. Kipuri kilichong'olewa katika gari jingine hakikubali kufanya kazi mpaka kitambulishwe kwa kompyuta. Fundi hodari wa Toyota, mwenye uzoefu wa miaka 20, anaweza kusimama mbele ya injini hiyo asijue pa kuanzia, na si kosa lake.

Mombasa nayo ina vikwazo vyake. Hewa ya chumvi hula bati, nyaya na viungio vya umeme, hasa kwa magari yanayolala nje karibu na bahari. Matuta na mashimo hayana huruma na magurudumu mapana yenye mpira mwembamba. Anayevuka Likoni kila siku anajua kwamba maji yakipwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, na gari lililo chini huparuza bampa ya mbele mbele ya mamia ya watu.

Lipo pia jambo dogo ambalo huwashangaza wengi. Redio ya gari la Japan hupokea mawimbi ya FM kuanzia megahezi 76 na kuishia 95 au chini ya hapo, ilhali vituo vya Kenya viko kati ya 88 na 108. Mwenye gari la mamilioni hukaa katika kiti cha ngozi akishindwa kupata kituo anachokipenda, hadi afungiwe kifaa cha kubadilisha mawimbi au redio mpya. Ramani ya gari nayo huendelea kuzungumza Kijapani.

Kuhusu mafuta, hesabu ni nyepesi. Gari la injini kubwa katika msongamano wa mjini huweza kwenda kilomita sita kwa lita, wakati dogo huenda 15. Kwa mwendo wa kilomita 1,000 kwa mwezi, na lita ikikadiriwa kuwa Sh180, la kwanza hunywa mafuta ya Sh30,000 na la pili Sh12,000. Tofauti ya mwaka mzima ni Sh216,000, kiasi kinachoweza kulipa karo ya mtoto.

Serikali yenyewe iliwahi kupiga hesabu hiyo. Mwaka 2009 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwataka mawaziri warudishe magari makubwa na kutumia yenye injini isiyozidi sentimita 1,800, na ndipo Volkswagen Passat zilipoingia katika safari za mawaziri. Baadhi yao hawakuficha kutoridhika. Katika nchi ambayo neno "Wabenzi" limekuwa jina la tabaka zima tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, kumnyang'anya kiongozi Mercedes yake si jambo la mafuta peke yake.

Wala fahari ya chombo cha usafiri si jambo geni kisiwani humu. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya magari ya injini kuenea, maafisa wa kikoloni walisafiri kati ya Mji wa Kale na Kilindini kwa vigari vidogo vilivyopita juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na wanaume. Mkubwa alijulikana kwa kuwa na kigari chake binafsi. Gharama ya kukisukuma ilikuwa jasho la mtu mwingine.

Mnunuzi wa leo analipa mwenyewe, na waliozoea kuyaona magari haya yakirudi gereji mara kwa mara husema kupanda mchongoma ni rahisi, kushuka ndio ngoma. Kuuza huwa tabu zaidi kuliko kununua, kwani soko la Kenya huliogopa gari la Ulaya lililozidi miaka kumi, ilhali Toyota ya umri huo hugombaniwa.

Je, basi, hakuna njia ya kulinunua kwa busara? Ipo. Magari ya kifahari yanayotokana na ukoo wa Toyota, kama vile Crown na Lexus, hutumia sehemu nyingi ambazo mafundi wa pwani wamezizoea, na bei yake ya kuuzia haiporomoki kwa kasi hiyo. Huo ndio uamuzi wenye nafuu kwa mtu anayetaka starehe bila kujitia kitanzi. Kwa Mercedes au BMW, zile za injini ndogo na springi za kawaida zina unafuu kuliko zile zilizojazwa kila kipambo.

Anayenunua gari ambalo tayari limetumika nchini hana budi kuthibitisha kitabu cha usajili katika rekodi za Mamlaka ya Usalama Barabarani (NTSA), na kuangalia iwapo benki bado ina haki juu yake. Namba ya chesisi ilinganishwe na hati kwa macho, si kwa kuambiwa. Mwaka 2019 KRA ilinasa katika bandari ya Mombasa magari ya kifahari yaliyoibwa Uingereza, yakiwemo ya aina ya Range Rover, yakiwa ndani ya kontena zilizodaiwa kubeba vyombo vya nyumbani. Bei inayopendeza kupita kiasi ina sababu yake.

La muhimu zaidi ni akiba. Mwenye milioni tatu asinunue gari la milioni tatu. Anunue la milioni mbili na nusu, na nusu milioni iliyobaki iwekwe kando kwa ajili ya mwaka wa kwanza, kwa sababu ndani ya mwaka huo matairi, betri, breki na mafuta ya giaboksi vitadai zamu yao. Na kabla ya kulipa hata shilingi moja, aende kwa muuza vipuri na kuuliza bei ya vitu vitatu: taa moja ya mbele, chemchemi moja na pampu ya maji. Majibu hayo matatu yatamweleza juu ya gari hilo mengi kuliko atakayoambiwa na mwenye yadi.