Gari likimisi baada ya kutiwa mtambo mpya wa cheche

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, na wenye magari ya zamani wanaujua ukweli wa methali hii. Mtu hununua mtambo wa kielektroniki wa kuwashia cheche za injini baada ya kuambiwa kwamba gari litawaka upesi asubuhi na kunywa petroli kidogo. Siku mbili tatu zikipita, gari laanza kukohoa, kusitasita na kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Mafundi husema gari "linamisi".

Kinachofuata ndicho kinachokausha mfuko wa familia. Leo ni plagi mpya, kesho koili, keshokutwa kabureta. Kila asubuhi mwenye gari yuko Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, akitafuta vipuri, na pesa zilizowekwa kwa ajili ya karo zinayeyuka. Gari nalo bado linakohoa.

Wala si jambo la kuahirisha. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kuharakisha uchakavu wa injini. Baya zaidi, gari linaloishiwa na nguvu ghafla wakati dereva analipita lori katika barabara kuu laweza kuangamiza jamaa nzima.

Kazi ya cheche

Magari ya kale kama Peugeot 504, ambayo ilishinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, yalitumia vipande viwili vidogo vya chuma viitwavyo pointi. Pointi hukaa ndani ya distributa, zikigusana na kuachana. Kila zinapoachana, umeme wa volti 12 unaopita kwenye koili hukatika ghafla. Hapo koili hutoa umeme wa maelfu ya volti, ambao huruka kwenye ncha ya plagi na kuiwasha petroli.

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani 100 kila sekunde. Chache tu zikikosekana, dereva atahisi.

Kwa kuwa pointi huungua na kuchakaa, watengenezaji waligeukia mitambo isiyokuwa nazo. Kampuni ya Chrysler ya Marekani iliitia katika magari yake ya modeli ya mwaka wa 1973. Kwa magari yaliyotangulia, kuna mitambo ya kununuliwa kando: pointi huondolewa, na mahali pake huwekwa kidude kinachohisi sumaku ndogo iliyo kwenye mhimili wa distributa.

Kidude hiki hakichakai kama pointi, lakini kina masharti yake. Kinataka umeme kamili, waya safi na koili inayokifaa. Pointi huvumilia udhaifu ambao mtambo mpya hauuvumilii. Ndiyo maana mara nyingi mtambo hulaumiwa bure, ilhali umefichua tu ugonjwa uliokuwamo tangu zamani.

Anzia palipoguswa

Swali la kwanza ni hili: gari lilianza kumisi lini? Ikiwa ni saa ile ile mtambo ulipofungwa, rudi pale fundi alipotia mkono. Huenda nyaya mbili za plagi zilibadilishana nafasi. Katika Peugeot 504 ya silinda nne, cheche hufuatana 1-3-4-2, na kosa moja tu katika mpango huo huifanya injini ilipuke kwenye kabureta au kwenye ekzosi. Tena, kuweka kidude kipya hubadilisha taimingi, kwa hivyo ni lazima ipangwe upya kwa taa maalumu.

Ikiwa gari lilikwenda vizuri siku kadhaa kabla ya kuanza kumisi, shuku kiungo kilicholegea. Likimisi injini ikipata moto tu, shuku koili au kidude chenyewe. Likimisi unapokanyaga mafuta, angalia nyaya ndogo ndani ya distributa. Sahani inayobeba kidude husogea injini inapoongeza mwendo, na waya uliovutwa sana au uliokatikia ndani hupoteza umeme hapo hapo.

Silinda moja au zote?

Swali la pili hugawanya kazi. Fundi huzima injini, hutoa waya wa plagi moja, huuchomeka kwenye plagi ya akiba iliyofungwa imara kwenye chuma cha injini, kisha huwasha na kusikiliza. Hurudia hivyo kwa kila silinda. Ile ambayo kutolewa kwa waya wake hakubadilishi mngurumo ndiyo iliyolala. Waya usiachwe ukining'inia hewani, kwani umeme usio na pa kwenda waweza kuiunguza mitambo mingine.

Iliyolala ikiwa moja, hamisha plagi yake kwenye silinda jirani. Ugonjwa ukihama nayo, nunua plagi. Usipohama, jaribu waya vivyo hivyo. Ukibaki pale pale, kagua kifuniko cha distributa, kisha upime mgandamizo na valvu, kwani hapo huenda cheche hazina hatia.

Kumisi kukiwa kwa silinda zote bila mpango, tafuta kitu kinachozihudumia zote: koili, rota, kidude, waya wa ethi au umeme unaoingia. Usiku, gizani, ufa katika kifuniko au waya huweza kujionyesha kwa vijicheche vya buluu.

Pima kabla ya kununua

Mita ndogo ya umeme yaokoa pesa nyingi. Injini ikinguruma na altaneta ikiwa nzima, betri huonyesha takriban volti 13.5 hadi 14.5. Pima pia pale umeme unapoingia kwenye mtambo. Tofauti ikizidi volti moja, kosa liko njiani: swichi ya ufunguo, kiungo chenye kutu au kizuizi. Baadhi ya magari ya kale yaliwekewa kizuizi ili kupunguza volti za koili na kulinda pointi. Kidude kikiunganishwa baada ya kizuizi hicho hufa njaa.

Soma pia karatasi iliyokuja na mtambo. Hutaja kiwango cha omu cha koili na aina ya nyaya za plagi. Mitambo mingi huvurugwa na nyaya za shaba tupu zisizo na kizuizi ndani. Na usiache ufunguo umewashwa injini ikiwa imezimwa, kwani koili na kidude huweza kuungua.

Jaribio la mwisho ndilo linalokata kesi. Rudisha pointi, kondensa na koili ya zamani. Gari likiendelea kumisi, mtambo mpya hauna kosa, nawe utazame kabureta, petroli chafu au valvu. Likitulia, kosa liko kwenye mtambo au ulivyofungwa. Kwa hivyo usimwachie fundi vipuri ulivyotolewa. Vifunge kwenye karatasi, uviweke garini.

Tahadhari ni muhimu. Umeme wa koili hurusha mtu, na aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asikaribie. Watoto wawe mbali, nguo zinazopepea zifungwe mbali na feni, na injini isiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa.

Hata usiposhika spana mwenyewe, fundi akikutuma kununua kipuri kingine, muulize kwa heshima: "Umepima nini, na umeona nini?" Asiye na jibu anabahatisha kwa pesa zako.